Studio ya Chumbani: Kurekodi Wimbo Mzima Ukiwa Umepanga Chumba Kimoja

Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo kuulizia bei ya maiki, simama katikati ya chumba chako upige kofi moja kali, kisha usikilize kinachofuata. Ukisikia kamlio kembamba kama ka bati kakikimbia kutoka ukuta hadi ukuta, hako ndiko katakakokaa ndani ya kila neno utakaloimba humo. Hakuna maiki itakayokatoa, ya bei rahisi wala ya bei mbaya.

Mimi narekodi katika chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, Mbagala. Pesa yangu ya kwanza niliimaliza kwenye vifaa, chumba sikukigusa, na nyimbo zangu zote za mwaka ule zinasikika kama zimeimbwa ndani ya pipa. Kwa hiyo hapa chumba kinatangulia, vifaa vinafuata. Mfano nitakaoutumia ni wimbo mmoja wenye gitaa kavu, tumba, sauti ya kuongoza na waitikiaji wanne. Kama wewe unaimba juu ya biti, ruka hatua ya gitaa, mengine yote yanakuhusu.

Hatua ya 1: Ijue kelele ya mtaa wako

Kwa siku mbili, kila unapokumbuka, weka simu mezani urekodi dakika moja ya ukimya. Andika saa na ulichokisikia. Usitegemee masikio, kwa sababu masikio yamezoea. Mimi nilikuwa siisikii kabisa friji ya jirani mpaka nilipoikuta imekaa chini ya ubeti wa kwanza.

Ukimaliza utakuwa na ratiba. Yangu inasema hivi: saa kumi na moja alfajiri ni adhana na majogoo, saa kumi na mbili hadi saa mbili bodaboda zinapeleka watu kazini, saa tatu hadi saa tano asubuhi kumetulia kwa kuwa watoto wako shule, mchana mashine ya kusaga inaanza, na Ijumaa hadi Jumapili usiku baa ndiyo inayotawala. Muda wangu wa kurekodi basi ni huo wa saa tatu hadi saa tano asubuhi tu, pamoja na usiku wa katikati ya wiki kuanzia saa nne. Ni muda mdogo, lakini ukiujua unafika umejiandaa. Na wakati wa masika, Machi hadi Mei, usipange wimbo wa polepole chini ya bati lisilo na dari.

Majirani nao ni sehemu ya studio. Nilimwendea mama mwenye nyumba na kilo mbili za sukari, nikamweleza kwamba nitakuwa naimba lakini sitafungulia spika, nitasikilizia hedifoni. Akaniambia, "Imba tu mwanangu, ila mjukuu wangu akilala unyamaze." Makubaliano hayo yamenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua, maana sasa yeye ndiye anayewanyamazisha wengine.

Hatua ya 2: Tuliza chumba

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuzuia kelele ya nje isiingie ni jambo moja, kutuliza mwangwi wa ndani ni lingine. La kwanza linahitaji uzito na kuziba kila tundu, na kwa mpangaji haliwezekani sana. Ndiyo maana tumeanza na ratiba. Unachoweza kufanya ni kuziba dirisha. Dirisha la wavu ni shimo kwenye ukuta, na hewa inapopita sauti nayo inapita. Kata kipande cha plywood kinachoingia kwenye fremu, kibandike sponji nene upande wa ndani, ukichomeke wakati wa kurekodi na kukitoa ukimaliza. Chini ya mlango sokomeza taulo. Utatokwa jasho, hilo tutalirudia.

La pili, mwangwi, liko ndani ya uwezo wako kabisa, na linaanza na kuziacha trei za mayai. Najua umeziona kwenye video za wasanii. Trei ni karatasi nyepesi. Inapunguza kidogo tu sauti za juu, huku sauti za kati na za chini zikipita kana kwamba haipo, kwa hiyo unabaki na chumba kinachovuma ambacho sasa kimepoteza na ule mng'ao wa juu. Tena zinashika moto haraka, na wewe una nyaya za umeme humo ndani.

Ukielewa ukubwa wa mawimbi, hutadanganyika tena dukani. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Noti ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 34 hivi. Ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.4, yaani refu kuliko chumba changu. Sponji ya sentimita mbili haiwezi kulifanya lolote wimbi la mita tatu. Kinachotakiwa ni unene, na ulaini unaopitisha hewa ndani yake. Godoro la inchi sita au nane linafanya kazi hiyo. La sufi, lile la kizamani ambalo bibi yako analo kijijini na kila mtu anataka kulitupa, usiliache litupwe: ni zito, nyuzi zake zimejaa hewa, na linameza sauti vizuri ajabu. Blanketi nzito mbili zilizoshikanishwa zinasaidia sauti za kati na za juu. Kanga haisaidii kitu. Kanga ni kanga.

Sasa, liweke wapi hilo godoro? Karibu kila anayeanza hulitundika mbele yake, nyuma ya maiki. Fikiri kidogo. Maiki nyingi za kuimbia husikia upande wa mbele na kupuuza upande wa nyuma. Mbele ya maiki yupo nani? Wewe, na nyuma yako upo ukuta. Sauti yako inagonga kuta, inarudi kutoka ukuta ulio mgongoni mwako, inapita mabegani mwako na kuingia moja kwa moja kwenye mdomo wa maiki. Kwa hiyo godoro linakaa mgongoni mwako. Ukiwa na la pili, liweke ubavuni. Usiliegemeze ukutani kabisa. Liache kama kiganja kimoja kutoka ukutani, kwa sababu nafasi hiyo ya hewa inalisaidia kushika sauti za chini zaidi kuliko likigusana na saruji.

Sakafu ya vigae iwekee zulia au mikeka miwili. Kabati la nguo lifungue milango, nguo zilizoning'inia zinameza sauti bure.

Kwenye kona ndiko besi inakojikusanya. Jirani yangu anauza mitumba, na robota moja likikaa kwenye kona linafanya kazi ambayo studio kubwa hulipia fundi. Mimi humhifadhia mzigo, yeye anadhani namsaidia.

Chumba cha mraba kina tatizo lake. Futi kumi ni mita 3.05, na umbali huo unavuma kwa karibu hezi 56, kisha maradufu yake, 112. Kwa kuwa urefu na upana ni sawa, noti zilezile zinavuma mara mbili. Uzi wa tano wa gitaa, ukiachwa wazi, ni A ya hezi 110. Unaona? Mpigaji akigusa uzi huo, chumba kizima kinamwitikia, halafu analaumiwa kwamba anaukandamiza. Katikati kabisa ya chumba, mvumo huo wa 112 unakuwa mkubwa, kwa hiyo usiweke maiki katikati. Sogea hadi kama theluthi ya chumba, kaa mshazari, usitazamane na ukuta ana kwa ana.

Piga kofi tena. Kama kale kamlio kamekufa, endelea. Kama bado kapo, usiende dukani.

Hatua ya 3: Nunua kwa mpangilio huu

Hedifoni kwanza, zile zinazofunika sikio lote na kuziba nyuma. Zilizo wazi zinavujisha mdundo hadi kwenye maiki. Pili, stendi nzito ya maiki, maana stendi inayoyumba itakuharibia mkupuo mzuri (mkupuo ni kurekodi mara moja bila kukatiza) kuliko maiki mbaya. Tatu, saundi kadi ya nje inayoingia kwenye USB, kile kisanduku kinachopeleka sauti ya maiki kwenye kompyuta. Behringer UM2 inatosha kuanzia. Focusrite Scarlett Solo ni hatua juu yake. Angalia iwe na tundu la waya wa XLR (ule wa maiki wenye pini tatu), kitufe cha volti 48, na njia ya kujisikiliza moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Waya wa XLR nunua miwili, mmoja utakufa siku mbaya.

Maiki inakuja mwisho. Kuna kondensa, ambayo ni nyepesi kusikia kila kitu na inahitaji zile volti 48, na kuna dainamiki, ambayo haizihitaji. Utaambiwa dainamiki haisikii kelele za nje. Si kweli hasa. Inachofanya ni kukulazimisha uimbe karibu nayo, na ukaribu ndio unaoshinda kelele: kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yako inaongezeka kwa karibu disibeli 6 (disibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) wakati kelele ya chumba inabaki palepale. Katika chumba cha kupanga, chenye bodaboda nje, ningekushauri dainamiki bila kusita. Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966 na bado inauza nyimbo.

Ila ni maiki inayoigwa kuliko nyingine zote. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 298. Mwombe muuza nyama aliye jirani na duka mizani yake ya kidijitali. Muuzaji akikukatazia kuipima, umeshapata jibu. Za bandia mara nyingi ni nyepesi. Kisha ifungue kichwa, uangalie nyaya za ndani zimechomelewa kwa usafi au zimebandikwa kwa haraka.

Spika za kumiksia acha kwa sasa. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi zitakudanganya kwenye besi, na mjukuu wa mwenye nyumba ataamka.

Hatua ya 4: Unganisha, kisha panga kompyuta

Anza na umeme. Ukisikia mvumo mzito wa "mmmm" usiobadilika, huo ni umeme wetu wa hezi 50 ukiingia kwenye waya, mara nyingi kupitia chaja ya laptop. Chomoa chaja, urekodi kwa betri. Mvumo ukiisha, umempata mchawi. Kurekodi kwa betri kuna faida ya pili ambayo sihitaji kumweleza mtu aliyewahi kukatikiwa umeme katikati ya mkupuo bora. Zima feni, chomoa friji (iwekee simu yako juu yake, ili usiondoke bila kukumbuka kuiwasha), na simu nyingine zote ziwe katika hali ya ndegeni. Simu inayotafuta mtandao karibu na maiki huleta mikwaruzo.

Kwenye programu, maprodyuza wengi wa Bongo wanatumia FL Studio, nayo ni nzuri kwa kutengeneza biti, ila angalia toleo: lile la chini, Fruity Edition, halirekodi sauti ya maiki. Toleo la majaribio nalo linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini hukuruhusu kuifungua tena hadi ulipie. Kwa kurekodi gitaa na sauti tu, Reaper ni nyepesi, inafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani, na unaijaribu siku 60 kabla ya kulipa. Audacity ni ya bure. Zile programu za wizi zinazozunguka kwenye flashi za watu zimeshamuulia mwenzangu kompyuta yenye kazi za miezi saba, kwa hiyo sizungumzii tena.

Weka kilohezi 48 na biti 24 (biti hapa ni kipimo cha ubora wa rekodi, si ile biti ya kuimbia), kama kadi yako inafika hapo; UM2 inaishia biti 16. Kila treki ya upande mmoja (mono) itakula karibu MB 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne wenye treki kumi ni kama MB 345. Si mzigo. Faida ya biti 24 ni kwamba unaweza kurekodi kwa kiwango cha chini bila kusikia mkwaruzo, na hilo litakuokoa kwenye hatua ya sauti.

Halafu bafa. Hiki ndicho kitu kinachowafanya watu waseme, "najisikia nimechelewa kwenye hedifoni." Kompyuta inakusanya sampuli kadhaa kabla ya kuzipitisha. Ukiweka 1,024, hizo ni milisekunde 21 za kuingia na nyingine kama hizo za kutoka; sauti yako inakurudia kama mwangwi na unaanza kuvuta maneno bila kujua. Ukiweka 128 ni chini ya milisekunde 3 kila upande, jumla yake karibu sawa na kumsikia mtu aliyesimama mita mbili mbele yako. Kwa hiyo 128 wakati wa kurekodi, 1,024 wakati wa kumiksi ili kompyuta ipumue. Kompyuta ikishindwa na kuanza kukatakata, tumia ile njia ya kujisikiliza moja kwa moja kwenye saundi kadi. Kwenye Windows sakinisha draiva ya ASIO ya kadi yenyewe, yaani programu ndogo inayopunguza huo ucheleweshaji. Kama haina, ASIO4ALL ni ya bure.

Hatua ya 5: Gitaa na tumba

Badilisha nyuzi siku moja kabla, si dakika tano kabla, kwa sababu nyuzi mpya zinajivuta. Na katika joto la Dar gitaa linalegea lenyewe. Kagua tuni kila baada ya mkupuo mmoja. Kila mmoja. Sauti iliyoimbwa juu ya gitaa lililolegea haitengenezeki.

Weka mdundo wa kuhesabia kwenye hedifoni na uache paa nne tupu mwanzoni, yaani hesabu ya moja hadi nne mara nne. Maiki iweke shibiri moja na zaidi kidogo kutoka kwenye gitaa, ikitazama pale shingo inapokutana na mwili, karibu na kichuma cha 12. Usiielekeze kwenye tundu. Tundu linapuliza besi tupu. Halafu, kabla hujabonyeza kitufe chekundu, mwambie mpigaji aendelee kupiga nawe uvae hedifoni, usogeze maiki vidole viwili kushoto, viwili kulia, karibu, mbali. Utashangaa. Vidole viwili vinabadilisha sauti kuliko plagini yoyote (programu ndogo ya kurekebisha sauti) utakayoipakua baadaye.

Tumba liwekee zulia chini, maiki iwe juu ya ukingo kwa shibiri moja na nusu, ikitazama kati ya ukingo na katikati ya ngozi. Punguza kiwango kuliko unavyodhani, kwa sababu kofi la wazi la tumba linaruka ghafla na kupasua.

Hatua ya 6: Kuingiza sauti

Hapa ndipo usikilizaji wote unapokwenda, kwa hiyo ipe siku yake peke yake. Usirekodi gitaa na sauti siku moja kama wewe ndiye fundi na mwimbaji; ukifika kwenye sauti utakuwa umechoka na utajikubalia upuuzi.

Tengeneza kichuja pumzi: pinda waya wa henga la nguo uwe duara, vuta soksi nyembamba ya nailoni juu yake, funga kwenye stendi vidole vinne mbele ya maiki. Kiswahili kina P na B nyingi pale hasa unapotaka utamu, mpenzi, pole, penzi, baby wa mtaani naye hakosi, na kwa watu wa Mombasa na Lamu kuna ile P ya kupuliza ambayo inapasua maiki kama bomu. Mbali na soksi, inua maiki iwe usawa wa pua, uielekeze chini kidogo mdomoni. Pumzi inatoka mbele moja kwa moja na kupita chini yake, sauti inasambaa na kuingia.

Umbali: kwa dainamiki simama vidole vinne hadi nusu shibiri, kwa kondensa shibiri moja. Ukikaribia sana, besi ya sauti inavimba. Watangazaji wa redio wa usiku wanaipenda hiyo, lakini kwenye wimbo inafunika maneno. Bandika kipande cha gundi ya karatasi sakafuni pale vidole vya miguu vinapokaa, ili kesho urudi palepale.

Kuweka kiwango, usiimbe ubeti. Imba ile sehemu ya juu kuliko zote, kwa nguvu utakayotumia kweli, siyo kwa aibu ya majaribio. Sindano ikigota karibu na disibeli 10 chini ya sifuri, hapo patosha. Ukigusa sifuri sauti inapasuka na hairudi. Waimbaji wote, nasema wote, huimba kwa nguvu zaidi taa nyekundu ikiwaka.

Kwenye hedifoni weka gitaa na mdundo kwa kiasi cha kutosha kushika tuni, na sauti yako chini kidogo. Ukijisikia sana utaimba kwa unyonge. Wengine wanaimba vizuri wakiachia sikio moja. Sawa, ila upande ulioachwa ubane kwenye fuvu, usiuache ukining'inia ukipiga kelele kwenye maiki.

Rekodi mikupuo mitatu ya wimbo mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama kusahihisha. Kuimba mstari kwa mstari ni mtindo wa siku hizi na unaua hadithi. Mtu hawezi kusimulia kisa kwa kukatakata sentensi. Baada ya mitatu, fungua dirisha. Chumba kilichozibwa, feni imezimwa, Januari: baada ya dakika ishirini sauti inaanza kuchoka na wewe unaanza kugombana na watu. Kunywa maji ya kawaida, yasiwe ya friji, soda hapana kwa sababu itakupandisha gesi katikati ya kiitikio. Rudi, rekodi miwili zaidi, kisha chagua ubeti bora kutoka kila mkupuo. Mahali pa kuunganishia iwe pale unapovuta pumzi, na pumzi yenyewe iache ibaki. Ukizifuta zote mwimbaji anakuwa mashine.

Waitikiaji wanne, maiki moja

Usiwarekodi mmoja mmoja. Bendi za dansi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 zilipiga na kuimba pamoja, na sehemu ya utamu wake ni kwamba watu wanasikilizana. Wapange nusu duara mbele ya maiki, hatua moja na nusu kutoka kwayo. Warekodi, sikilizeni wote, halafu panga kwa miguu: mwenye sauti inayofunika arudi hatua moja, mwenye sauti nyembamba asogee, besi asimame pembeni. Usiguse kompyuta mpaka wamesikika kama kitu kimoja. Kisha warudie kiitikio kilekile, safari hii wamebadilishana nafasi. Mkupuo wa kwanza upeleke kushoto, wa pili kulia. Watu wanne wanakuwa kwaya. Kwa hedifoni, kama unayo moja tu, mpe mmoja avae na awapigie wenzake hesabu kwa mkono.

Hatua ya 7: Kusafisha na kumiksi

Lala kwanza. Asubuhi, zipe treki majina ya kueleweka. Kata ukimya kati ya mistari, na kila ulipokata fifisha kidogo mwanzo na mwisho, milisekunde 5 au 10, vinginevyo utasikia "tik".

Kwenye sauti, kwa kutumia ikwalaiza (kifaa cha kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu), ondoa kila kitu chini ya hezi 80 au 100. Huko kuna mtetemo wa malori tu, mwimbaji hayupo. Kama inasikika kama iko ndani ya sanduku, punguza kidogo kati ya hezi 200 na 400. Kompresa, inayobana sauti zinazopaa ghafla, iweke uwiano wa 3 kwa 1, ikibana disibeli 3 hadi 6 pale anapopaza. Riverbu, yaani mwangwi wa kutengenezwa, iweke kwenye njia yake ya pembeni na utume sauti huko, usiipachike juu ya treki. Tia mpaka uisikie, kisha rudisha nyuma kidogo.

Anza kumiksi na sauti na gitaa peke yake. Vikikaa sawa, tumba na waitikiaji watapata mahali pao wenyewe.

Sasa toa kopi ya majaribio uipeleke kwenye simu, bila hedifoni, jikoni, maji yakichemka. Wasikilizaji wako wengi wako hapo. Spika ya simu haitoi besi ya chini kabisa, kwa hiyo kama wimbo wako ulisimama juu ya besi hiyo, utausikia umeanguka. Halafu mwombe kondakta au dereva wa bajaji unayemfahamu auweke. Maneno yasipoeleweka ndani ya bajaji, rudi upunguze gitaa.

Hatua ya 8: Faili na karatasi

Usishindane kwa kelele. Spotify hushusha nyimbo zenye kelele hadi karibu LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), hivyo ukiubana wimbo upige mayowe, watakachosikia watu ni ule ule ulioshushwa, ukiwa umechoka tayari. Acha kilele kisizidi disibeli 1 chini ya sifuri. Toa WAV ya biti 24 kwa ajili ya kusambaza na MP3 ya 320 kwa kuwatumia watu. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti ili ifike ilivyo.

Kama uliimba juu ya biti uliyoipata mtandaoni, soma masharti yake kabla ya kuusambaza, kwa sababu nyingi zinakodishwa tu na mwenyewe anaweza kuikodisha kwa wengine kumi. Andikeni karatasi moja inayosema nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipiga gitaa, na mgawo wa kila mmoja, mtie sahihi siku hiyohiyo mkiwa bado mnacheka. Ukiwa Tanzania, kazi husajiliwa COSOTA, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na utaulizwa mambo hayohayo.

Nakili folda nzima ya wimbo, pamoja na mikupuo uliyoikataa, kwenye diski mbili. Moja ibaki chumbani, nyingine impelekee dada yako Kigamboni. Halafu chomeka friji, chukua simu yako juu yake, na umrudishie jirani robota lake, kesho ana gulio.